Sambusa ya Kuoka si ya Kizungu: Safari ya Pembetatu kutoka Baghdad hadi Pasiansi



Leo sikuja na mitindo ya madera wala vitambaa vya nikaha. Nimekuja na sambusa. Wanaonifahamu wanajua mimi ni fundi cherehani huku Pasiansi, Mwanza, kwenye barabara ya kuelekea uwanja wa ndege. Nashona magauni ya maharusi, na miaka ya karibuni nimeongeza kazi ya vitafunwa, maana mteja anayekuja kupima gauni huuliza hapo hapo, "Dada, na vya kutafuna je?"

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani iliyopita nilipata oda ya nikaha. Biharusi aliniomba sambusa nyepesi, za kuoka, kwa sababu kwao wazazi wote wawili wana presha na alitaka nao wale siku ya furaha yake. Nikamtengenezea pembetatu za mchicha na za samaki kwa mtindo wa Wagiriki: manda nyembamba, mafuta ya kupaka kwa brashi, kisha oveni. Zilitoka nzuri, alhamdulillah. Sinia lilipofika ukumbini, shangazi mmoja wa bwana harusi akachukua moja, akaigeuza huku na huku, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Hizi ni sambusa za Kizungu. Sisi Waislamu tunakaanga."

Watu wakacheka. Biharusi akainamisha uso. Mimi nilirudi nyumbani na masinia yangu, na neno lile likanikaa kifuani, zaidi kwa ajili ya yule binti aliyewafikiria wazazi wake, akaishia kuona haya mbele ya wakwe.

Nikajiuliza: sambusa ni ya nani hasa? Na nani kasema lazima ikaangwe? Elimu yangu ni ya kidato cha nne na kozi ya ushonaji, lakini kusoma napenda. Nilianza kutafuta taratibu, usiku baada ya kufunga cherehani. Niliyoyakuta yalinifanya nitabasamu peke yangu, na ndiyo ninayotaka tuyapitie pamoja.

Jina lenyewe linasema limetoka wapi

Tuanze na jina. Wahindi wanasema samosa. Sisi tunasema sambusa, na ile "b" yetu si ya bahati mbaya. Kwa Kiajemi cha kale jina lilikuwa sanbosag, na Waarabu wa zama za Makhalifa wa Bani Abbas walikiita sanbusaj au sanbusak. Kule India "b" ilianguka njiani. Kwetu Waswahili ilibaki, kama ilivyobaki kwa Wasomali wanaosema sambuus. Kwa hiyo mtoto wa Darajani au wa Kirumba akiita "sambusa!" barabarani, analitamka jina kwa namna iliyo karibu na ya Baghdad kuliko wanavyolitamka wengi wa wapishi wa Delhi.

Baghdad ndiko tunakokutana nayo kwenye maandishi. Katika karne ya 9 alikuwepo mwanamuziki mkubwa wa makhalifa, Ishaq al-Mawsili, aliyetunga shairi zima la kuisifia sanbusaj na kueleza namna ya kuitengeneza. Shairi hilo tunalo leo kwa sababu mwanahistoria al-Masudi alilihifadhi. Katika kitabu chake maarufu, Muruj adh-Dhahab, anasimulia karamu ya Khalifa al-Mustakfi ambapo wageni walisoma mashairi ya vyakula, na shairi la sanbusaj likasomwa pia.

Dada wa visiwani, hapa msikilize vizuri. Al-Masudi huyu huyu alisafiri mpaka pwani yetu. Mwaka 916, sawa na 304 Hijria, aliondoka kisiwa alichokiita Qanbalu akirudi Oman, na anasema Waislamu walikuwa wakiishi hapo. Wanahistoria wengi wanakihusisha kisiwa hicho na Pemba. Mtu aliyetuhifadhia moja ya maandishi ya zamani kabisa kuhusu sambusa, huenda alikanyaga mchanga wa Pemba.

Mpishi wa mwaka 1226 na gundi ya unga

Sasa nakuja kwenye kitu kilichonifanya niite mtu chumbani nimsomee.

Mwaka 1226, sawa na 623 Hijria, mtu wa Baghdad aitwaye Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, Kitab al-Tabikh. Hiyo ni miaka 32 kabla Wamongolia hawajauangusha mji ule. Ndani yake kuna sanbusaj. Anaeleza, kwa maneno yangu: chukua nyama iliyokatwakatwa ndogo na kupikwa na viungo, chukua mkate mwembamba uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ukate vipande virefu kama mikanda, weka nyama, kunja umbo la pembetatu, gandisha mwisho wake kwa unga uliolowekwa, kisha utie kwenye mafuta ya ufuta. Anaongeza kwamba zipo pia za kujazwa halwa, au sukari na lozi.

Dada, umesoma hapo? Mkate mwembamba uliotengenezwa kwa kazi hiyo: hizo ni manda. Mikanda, pembetatu, gundi ya unga. Jikoni kwangu Pasiansi kuna kikombe cha gundi ya unga na maji muda wote wa Ramadhani, na sikuwahi kujua kwamba kikombe hicho kina umri wa karibu miaka 800.

Kwetu Uswahilini wako wanaokata manda robo duara na kuikunja kama koni, na wako wanaokata mkanda mrefu na kuukunja pembe kwa pembe mpaka mwisho. Zote ni sawa. Lakini ule mkanda mrefu ndio wa al-Baghdadi, na Waislamu wa Gujarat na Mabohora, ambao mkanda huo wanauita patti, bado wanaushika vilevile. Ile samosa nene ya unga mgumu iliyojaa viazi ni ndugu aliyezaliwa baadaye sana. Viazi vilitoka Amerika, na Baghdad ya mwaka 1226 haikuwa na kiazi hata kimoja.

Miaka zaidi ya mia moja baadaye, Ibn Battuta alipita kwetu. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Alikuwa mtu wa kuangalia sahani! Mogadishu alisifia wali uliopikwa kwa samli, mchuzi wa nyama, kuku na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Sambusa hakuitaja. Aliieleza alipofika kwa Sultani wa Delhi miaka michache baadaye: nyama ya kusaga, lozi, jozi, pistachio, kitunguu na viungo, imefungwa kwenye mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Ilikuwa chakula cha masultani. Haikuwa ya kuuzwa kwenye ndoo ya plastiki stendi.

Tazama pia mafuta yalivyokuwa yakibadilika. Baghdad ni ufuta. Delhi ni samli. Kila nchi ilitumia ilichokuwa nacho. Ukienda Asia ya Kati, kwa Waislamu wa Uzbekistan, jina ni samsa, na samsa yao hubandikwa ndani ya tanuri la udongo ikaiva kwa moto mkavu. Inaokwa! Na hakuna anayewaambia kwamba wameiga Wazungu.

Na Wagiriki wanaingiaje?

Swali zuri, kwa sababu pembetatu zangu zilizochekwa nilijifunza kwa kuangalia video za mapishi ya Kigiriki kwenye simu.

Wagiriki wana pai ya mchicha na jibini iitwayo spanakopita. Ikitengenezwa ndogo ndogo ya kula kwa mkono, hukunjwa pembetatu kwa mkanda wa unga mwembamba sana uitwao filo. Neno filo maana yake ni jani. Nilipoliona hilo nikakumbuka kwamba kwa Kiarabu jani ni waraqa, na karatasi pia ni waraqa, ndiyo sababu sisi Waswahili tuna neno waraka. Na Wamorocco unga wao mwembamba wa kufungia vitafunwa wanauita warka. Wagiriki na Waarabu, kila mmoja kwa lugha yake, waliuangalia unga huu wakaona jani.

Waturuki walikuwa na mkate mwembamba tangu zamani. Katika karne ya 11, Mahmud al-Kashgari aliyeandika kamusi ya lugha za Kituruki aliuingiza humo. Leo unaitwa yufka. Kisha katika karne ya 15, zama za Sultani Murad II, tabibu mmoja aitwaye Shirvani alikichukua kitabu cha al-Baghdadi, kile kile chenye sanbusaj, akakitafsiri kwa Kituruki na kuongeza mapishi ya wakati wake. Kitabu cha jiko la Baghdad kikaingia nchi ya Waothmani.

Baada ya Istanbul kutekwa mwaka 1453, majiko ya Sultani yakawa makubwa ajabu, na unga mwembamba ukapanda daraja. Kila tarehe 15 Ramadhani wanajeshi wa Sultani waliandamana mpaka ikulu kupokea masinia ya baklava. Pamoja na baklava ya sukari kulikuwa na börek, ambazo ni za chumvi: za nyama, za jibini, za mboga, na nyingi zake huokwa.

Wagiriki waliishi chini ya dola hiyo kwa karne nyingi. Walioka pamoja na Waturuki, mtaa mmoja, tanuri moja. Mwaka 1923 serikali mbili zilikubaliana kubadilishana watu kwa kufuata dini: zaidi ya Wakristo milioni moja wa upande wa Uturuki wakahesabiwa wa Ugiriki, na Waislamu wa Ugiriki karibu laki nne wakapelekwa Uturuki. Wengi waliacha nyumba na makaburi ya wazazi. Mapishi waliyabeba kichwani. Ndiyo maana leo pai ya mchicha unaikuta pande zote mbili za bahari ile, majina mawili, mkono mmoja.

Hata hapa kwetu Wagiriki walifika. Zama za Tanganyika ya mkoloni walikuwa na mashamba mengi ya mkonge na ya kahawa, kuanzia Tanga mpaka Kilimanjaro na Arusha. Dada zetu wa Dar es Salaam wanaujua ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Umebeba jina la George Arnautoglu, Mgiriki tajiri wa mkonge aliyetoa fedha za kuujenga. Angalia jina lake: mwisho wake ni neno la Kituruki lenye maana ya "mtoto wa". Mgiriki mwenye jina la Kituruki, kwenye ukumbi wa Waswahili. Historia ya chakula iko hivyo hivyo.

Kwa hiyo yule shangazi alipoona pembetatu ya mchicha akadhani ni Mzungu, alikuwa anamtazama jamaa yake wa mbali aliyepitia Istanbul, wakati sambusa aliyoizoea ilipitia bahari ya Hindi. Asili yao ni jiko moja, na kwa sehemu kubwa ni jiko la Waislamu.

Ilivyofika ziwani

Na Mwanza je? Ngano si zao la Usukumani. Wazee wetu walilima mtama, uwele, mihogo na mpunga. Ilibidi unga uje, na waujuao waje nao.

Wafanyabiashara wa pwani walifika ukanda huu kwa njia ya misafara iliyopita Tabora. Stanley alipofika Kageye, karibu na Mwanza, mwaka 1875, alimkuta mfanyabiashara wa pwani tayari yuko hapo. Wajerumani walianzisha kituo cha Mwanza mwaka 1892. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuvusha mizigo ziwani. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza. Maduka ya Wahindi na Waarabu yakaongezeka, pamba ikanunuliwa, unga wa ngano ukawa kitu cha dukani.

Halafu ziwa nalo likaleta lake. Miaka ya 1950 na 1960 sangara aliingizwa Ziwa Victoria, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza, minofu ikasafiri kwenda Ulaya, na sisi tukabaki tunajuana na mapanki. Lakini kipande cha mnofu hakikosi kwa mama mwenye akili. Sambusa ya samaki wa ziwani ni yetu, haina Baghdad wala Istanbul.

Mama yangu ndiye aliyenionyesha. Alikaanga sambusa karibu na soko la Kirumba kwa miaka, karai moja, jiko moja la mkaa, mikono ina alama za mafuta mpaka leo. Ada zangu za sekondari zilitoka kwenye karai lile. Mafuta ya mbegu za pamba yalikuwa yanapatikana, akayatumia siku nzima mpaka yanakuwa meusi. Hakuna aliyejua ubaya.

Sasa Mama ana presha na moyo umeanza kulalamika. Daktari alimwambia apunguze vya kukaanga na chumvi. Mama akajibu, "Sawa baba," akatoka nje akaniambia, "Futari bila sambusa ni futari ya hospitali." Ramadhani ya kwanza baada ya hapo alikuwa anafungua kwa tende na uji, kisha anakaa kimya akitazama sinia la wengine. Hakuomba. Kutazama kule kuliniumiza kuliko kama angegombana nami. Ndiyo sababu nilianza kutafuta njia ya kuoka. Sikuwa natafuta fasheni.

Jinsi ninavyozitengeneza

Basi tuingie jikoni. Kipimo hiki kinatoa takriban sambusa 36.

*Manda.* Chukua unga wa ngano nusu kilo, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula, na maji ya uvuguvugu kama mililita 300. Ukande mpaka uwe laini, ufunike, uuache dakika 30. Usiruke mapumziko haya. Unga usiopumzika hurudi nyuma kila ukiusukuma, kama kitambaa cha kuvutika ukikikata kwa haraka.

Gawa madonge 12. Sukuma kila moja lifike ukubwa wa kisahani cha chai. Paka mafuta kidogo, nyunyiza unga, weka jingine juu, mpaka yawe manne. La juu kabisa usilipake. Sukuma yote manne pamoja mpaka yawe mapana kama sinia dogo, sentimita 28 hivi. Weka kwenye tawa au kikaango cha chapati, moto mdogo, sekunde 20 mpaka 30 kila upande. Usiache yapate rangi. Yatoe, yabandue moja moja yakiwa ya moto, uyafunike kwa kitambaa chenye unyevu. Kila duara likate mikanda 3 yenye upana wa vidole vinne. Vipande vya pembeni usitupe. Vioke vikauke, vinakwenda vizuri na supu.

Anayenunua manda za dukani, hewala. Biharusi mwenye kazi hana lawama.

*Samaki.* Nusu kilo ya minofu ya sangara au sato. Ichemshe kwa mvuke na ndimu, tangawizi na thomu, ambayo huku bara tunaiita kitunguu saumu. Ichambue kwa uma, uhakikishe hakuna mwiba. Katakata vitunguu maji 3, vilainishe kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia bizari ya pilau iliyosagwa nusu kijiko cha chai, pilipili manga, kisha samaki na kotmiri nyingi, au giligilani kama mnavyoisikia sokoni kwetu. Pika mpaka maji yakauke kabisa.

*Mchicha kwa namna ya Kigiriki.* Mafungu 3 makubwa ya mchicha, osha, katakata, uupitishe motoni dakika 3 bila maji ya kuongeza. Ukipoa uukamue kwa mikono yako mpaka uchoke. Wagiriki hutia jibini. Jibini huku ni ghali, na nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo ukinunua angalia alama ya halali. Mimi natumia mtindi: vikombe 2 kwenye kitambaa safi, ning'iniza usiku kucha sehemu ya baridi, asubuhi utakuta umebaki mzito kama jibini laini. Changanya na mchicha, kitunguu cha majani, pilipili manga na chumvi kiasi kidogo sana.

*Kukunja.* Weka kijiko kimoja cha chakula cha mchanganyiko kwenye kona ya mkanda. Kunja kona ije upande wa pili iwe pembetatu, kisha igeuze moja kwa moja, kulia, kushoto, mpaka mwisho. Paka gundi ya unga, funga. Kona ziwe zimebana, kama unavyokunja kona ya pindo, maana kona iliyo wazi ndiyo inayotoa maji.

*Kuoka.* Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilidhani nyepesi maana yake ni bila mafuta kabisa. Zikatoka ngumu kama kadibodi, hata watoto walizikataa. Manda zinahitaji mafuta kidogo ili zitoe sauti mdomoni. Vijiko 4 vya chakula vinatosha sambusa zote 36 kwa brashi, pande zote mbili. Linganisha na lita nzima unayomimina kwenye karai.

Oveni iwe na joto la nyuzi 190, dakika 18 mpaka 22, uzigeuze mara moja katikati. Asiye na oveni afanye kama tunavyooka keki: sufuria kubwa lenye mchanga chini, sinia dogo la bati juu ya kitako, mfuniko wenye makaa juu, na makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Fanya kazi hiyo nje au penye hewa. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Kwa sherehe, zikunje siku moja mbele, zipange kwenye friza bila kugusana, uzioke zikiwa zimeganda, ukiongeza dakika 5. Zipeleke mezani zikiwa moto. Sambusa ya kuoka ikipoa sana inapoteza ladha, hilo siwafichi.

Neno kwa mabiharusi

Siwaambii muache kukaanga. Sambusa ya karai ina utamu wake, na mimi bado naiuza. Ninachosema ni kwamba usikubali kuambiwa umeacha asili kwa sababu umepunguza mafuta. Asili ya sambusa ni ule mkate mwembamba, ile pembetatu, ile gundi ya unga, na mtu anayekaa kitako kukunja kwa ajili ya wengine. Mafuta yamebadilika kila alikopita. Na dini yetu imetufundisha kula bila israfu na kuuchunga mwili kama amana. Wazazi wenye presha nao ni wageni wa heshima kwenye nikaha yako.

Ramadhani iliyopita, jioni ya kwanza, nilimwekea Mama sinia lake bila kusema neno. Akafungua kwa tende, akaswali, akarudi. Akachukua moja ya samaki, akaivunja katikati, akaisikiliza inavyolia. Akala. Akachukua ya pili. Kisha akaniambia, "Kona zako hazijabana." Kesho yake baada ya Alasiri nilimkuta jikoni, miwani hajavaa, anakunja mkanda mmoja baada ya mwingine, kulia, kushoto, bila hata kutazama. Alikunja zote 36, akaniachia mimi kupaka mafuta.

Na yule biharusi wangu? Alinipigia kumi la mwisho. Alitaka kipimo cha manda. Mama mkwe alikuwa amemwomba.

Allah atujaalie afya, atuhifadhie wazazi wetu, awarehemu waliotangulia waliotupikia, na azitie baraka ndoa za dada zetu wote. Amin.